Mume wangu hanitoi tena mtoko, Shangazi niondoke?

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 27, nilitoka Njombe kuja kusoma chuo Dar, na hapo ndipo nilipokutana na mume wangu. Kila Jumapili alikuwa ananitoa: leo Coco Beach kula mihogo, wiki nyingine kivuko cha Kigamboni, siku akiwa nazo kisiwa cha Mbudya. Nilimpenda kupita kiasi. Sasa tuko mwaka wa tatu wa ndoa, tuna mtoto mmoja, tumehamia Chanika kwenye nyumba isiyo hata na lipu. Anaondoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa tatu usiku, anakula na kulala. Hela yote inaishia kwenye saruji. Mama yake naye kahamia kwetu, sina uhuru. Anayenifariji ni rafiki wa kazini hapa Ukonga, tunaheshimiana tu. Juzi usiku alinipitisha Daraja la Tanzanite, nikalia. Naona upendo umeisha. Niondoke?*
*Mpweke, Chanika*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa upweke. Chanika ni mbali, na vumbi lake nalijua. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako ilikuwa ndefu, wasomaji nimewapa kipande tu. Ile mihogo ya Coco umeiandikia ukurasa mzima: muuzaji anavyoipasua ikiwa ya moto, kachumbari inavyomwagwa juu, pilipili ya ndimu inavyokutoa machozi. Kazi ya mume wako nimeitafuta mpaka karibu na mwisho, nikaikuta kwenye mabano: "ana fremu Kariakoo, anauza kava za simu". Basi. Mwanaume anayekulisha umempa mabano.

Tena kuna kitu kimenikera zaidi. Barua yote hiyo, mume wako hajasema neno hata moja. Mlipovuka na kivuko pale Magogoni mliongea nini? Alikuchekesha kwa nini? Anaogopa nini? Bahari imesema, mihogo imesema, yeye kimya. Wewe umetoka Njombe, kwenye baridi na mashamba ya viazi. Mtu akiona meli inaingia bandarini kwa mara ya kwanza moyo humwenda mbio, na aliyesimama pembeni yake huvuna sifa zisizo zake. Nina wasiwasi ulichokipenda ni Dar es Salaam, na huyu kijana ndiye aliyekuwa na nauli.

Sasa tuje kwenye hesabu ambazo hukutaka kuziandika. Fremu ya Kariakoo mwenye nyumba haitaki kodi ya mwezi mmoja, anataka ya miezi sita au mwaka mzima mkononi. Kava moja inaacha faida ya soda. Kwenye faida hiyo hiyo huyo kijana amenunua kiwanja, amepandisha tofali, amefunga lenta, amepaua, amekuhamishia humo ukatoka kwenye kupanga. Alfajiri anagombania daladala, usiku anarudi kasimama. Halafu unamuuliza mbona hatuendi Mbudya! Alipokuwa anakutoa alikuwa anakula chipsi mayai kwenye geto lake na hana anayemdai maziwa ya mtoto.

Tatizo si lako peke yako, na hapa mniache niseme. Vijana wa siku hizi wanachumbiana kwa maeneo. Wanalizunguka jiji lote, picha kila kona, michango ya harusi kwenye kila simu, send-off, kitchen party yenye MC na mabeseni. Somo aliyepaswa kumkalisha binti na kumwambia mwanaume akifilisika anakuwaje, siku hizi anakata muziki dakika kumi, anasifia mashuka, anakaa. Wakiingia ndani maeneo yamekwisha, wanatazamana kama abiria. Kuna waliopendana miaka miwili na hawajawahi kuonana wakiwa na njaa.

Turudi kwa rafiki yako mnayeheshimiana. Kutoka Ukonga kwenda Chanika unapita Gongo la Mboto, unapandisha Pugu, unashuka Chanika. Daraja la Tanzanite liko upande mwingine kabisa wa jiji, baharini huko. Lilifunguliwa mwaka 2022 watu wapate nafuu ya foleni ya daraja la Selander, na sijasikia kuwa ni njia ya Chanika. Huyo amekujua. Ameona unapoyeyukia, akakuonyesha taa na maji. Anafanya kile kile alichofanya mume wako, tofauti ni kwamba mume wako alikuja na posa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na mama mkwe? Unasema amekunyima uhuru. Aya mbili mbele umeandika kwamba mtoto akilia usiku ndiye anayeamka. Juzi ulipokuwa unalia darajani, mtoto alikuwa na nani? Niko upande wa mama, na simung'unyi maneno.

Huondoki. Jumamosi hii mwache mtoto kwa bibi yake, upande daladala na mume wako alfajiri hiyo hiyo, ukakae kwenye fremu mpaka jioni. Mtazame anavyobembeleza mteja, anavyotukanwa na asiyenunua, anavyoahirisha chakula cha mchana. Muulize maswali kama mgeni. Mkifunga, teremkeni mpaka Feri mvuke na kivuko kwenda na kurudi, utalipa wewe, maana mshahara wa Ukonga hukuutaja matumizi yake hata mara moja. Usimwambie "hunitoi". Mwambie una hamu naye.

Kabla hujaondoka Kariakoo nunua doti moja ya kanga umpelekee mama mkwe. Na namba ya huyo rafiki mwenye gari ifute leo ukiwa bado kazini, kwa sababu nakujua, ukishafika Chanika na umeme umekatika utabadili mawazo.