Cherehani Yangu na Samadari ya Mavyaa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ngamiani hapa Tanga, katika nyumba ya wakwe zangu. Nashona madera, mabaibui na sare za shule kwa cherehani ya miguu, na mwaka huu nimeongeza ovaloki ya umeme. Kazi yote naifanyia chumbani kwetu. Kitambaa nakatia kitandani, na mume wangu akitaka kulala inabidi nikunje kila kitu. Mwanangu mdogo ana pumu. Juzi pia kakanyaga pini.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, imeelekea kusini, barabarani. Nafikiria sehemu tatu: baraza ya mbele, stoo ya uani iliyopakana na jiko, au chumba cha wageni, cha mbele mkono wa kulia ukiingia. Hicho zamani kilikuwa duka la marehemu baba mkwe. Kina dirisha la barazani, dirisha la uchochoroni na mlango wa nje uliopigiliwa misumari. Ndani kuna samadari, kitanda cha kizamani ambacho mavyaa wangu, mama wa mume wangu, aliolewa nacho. Nilimwambia mavyaa chumba kimekaa bure mwaka mzima, tuitoe samadari niweke cherehani. Hakunijibu, na tangu siku hiyo hanisemeshi vizuri. Mume wangu anasema nivumilie chumbani au niende stoo. Wifi ananiambia nikapange fremu ya duka. Nifanye nini?

Mshonaji, Ngamiani

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mtoto.

Nakujibu moja kwa moja: chumba unachokitaka ndicho kinachofaa, na samadari ibaki humo humo. Yote mawili yanawezekana.

Tuanze na pale mlipo sasa, maana hapo hapafai hata wiki moja zaidi. Ovaloki inakata ukingo wa kitambaa huku inashona, kwa hiyo kila gauni linaacha chembe za nyuzi. Nyingine unaziona sakafuni, nyingine hubaki hewani na kutua kwenye shuka na mito. Mtoto mwenye pumu akilala humo anazivuta usiku kucha. Hata kabla hujapata chumba, ovaloki itoke chumbani leo, ikae ukumbini karibu na mlango wa mbele. Usifagie kwa ufagio mkavu, pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi. Dawa yake ya kuvuta iwe mahali panapojulikana na kila mtu mzima wa nyumba. Na kwa ajili ya pini, tafuta sumaku ya spika bovu, ifunge kamba, uipitishe sakafuni kila unapomaliza kazi. Itaokota hata zile usizoziona kwa macho.

Stoo naikataa kabisa. Naijua hiyo hali ya stoo za uani: bati bila dari, dirisha dogo, na jiko ubavuni. Saa saba mchana hukai humo. Moshi wa kuni na harufu ya samaki wa kukaanga vitaingia kwenye dera la mteja, naye atalivaa harusini na harufu hiyo. Tena mteja, akiwemo mwanamume anayeleta suruali kupunguzwa, itambidi akatize ukumbi mzima hadi uani, wanakokaa wanawake wa nyumba wakiwa na kanga moja. Mumeo akikutajia stoo tena, mwambie hilo la mwisho kwanza. Nadhani ataelewa upesi.

Baraza ni nzuri kwa mazungumzo, kwa kudarizi kofia, kwa kupinda pindo la mkono. Cherehani mbili huwezi kuziingiza na kuzitoa kila siku, na masika ikishirikiana na upepo wa kusi mvua inapiga mpaka ukutani.

Sasa chumba cha mbele. Umekitamani kwa sababu ni kikubwa, lakini ubora wake hasa ni yale madirisha mawili na ule mlango. Tanga tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia Aprili hadi Septemba jua la adhuhuri linaegemea kaskazini, kwa hiyo dirisha lako la kusini halipigwi na jua, linapata mwanga uliotulia kutwa. Novemba hadi Januari jua linahamia kusini, ila mchana linakuwa juu sana na paa la baraza linakukinga. Dirisha la uchochoroni ni la mashariki. Hilo litaingiza jua kali tangu asubuhi hadi kama saa nne, kisha basi. Litundikie pazia jepesi jeupe, na usirundike vitambaa mbele yake, maana jua hupausha mkunjo wa juu na mteja atakuuliza kitenge chake kimeliwa na nini.

Weka cherehani utazame kusini, barazani. Hapo dirisha la mashariki litakuwa kushotoni kwako, na sindano ya cherehani iko upande wa kushoto wa mashine, kwa hiyo mwanga unafika kwenye mshono bila kuzuiwa na mkono wako wa kulia. Wewe unashona mabaibui. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi ndiyo kazi inayomaliza macho ya washonaji wengi, na taa ya darini nyuma ya mgongo haisaidii, inakutupia kivuli chako mwenyewe. Kwa kazi za usiku nunua taa ndogo ya kuinamisha, ikae kushoto pia. Usiibananishe mashine na dirisha. Acha futi moja hivi, mvua ya kusi isiifikie.

Samadari isukumwe ifike ukuta wa ndani, wa kaskazini, kama haiko huko tayari. Usikatie juu yake, na hata kitanda chako acha kukitumia kwa kazi hiyo. Kukata umeinama ndiko kunakokuumiza kiuno, ingawa hukuniandikia kama kinakuuma. Nunua plaiwudi moja. Zinauzwa futi 4 kwa 8, mwambie seremala aikate ibaki futi 4 kwa 6. Aifunge kwa bawaba kwenye ukuta wa upande wa ukumbi, na miguu miwili ya kukunja. Ukiifungua iwe usawa wa nyonga zako, kwa wengi wetu ni kama sentimita 90 kutoka sakafuni. Kitenge kina upana wa karibu sentimita 115 hadi 120, kwa hiyo futi 4 zinakitosha kikiwa kimefunguliwa chote. Ukimaliza unaikunja, inalala ukutani, na chumba kinarudi kuwa chumba cha wageni.

Na tazama jambo ambalo hukuliona ulipotaka samadari itolewe: ina miguu mirefu. Uvungu wake ndio kabati lako. Weka chaga za mbao sakafuni, juu yake masanduku yenye mifuniko. Usiweke nguo ya mtu juu ya saruji tupu. Katika mji wetu saruji inapandisha unyevu, na kitambaa cheupe cha kanzu kikipata madoa ya kuvu hakirudi.

Hewa ya bahari nayo ina chumvi. Sindano na pini ziwe kwenye kopo linalofunga vizuri, zimeviringishwa kitambaa kilichopakwa mafuta ya cherehani kidogo. Mashine ipanguse jioni na kuifunika, na kila asubuhi pitisha kwanza kipande cha kitambaa kisicho na kazi, mpaka usione tena alama ya mafuta wala kutu. Miguuni pake weka vipande vya raba ya kandambili za zamani, mtikisiko usifike chumba cha pili mavyaa wako anapopumzika baada ya adhuhuri.

Nimefika kwa mavyaa, na hapa nakuomba unisikilize vizuri.

Ulimwambia mjane kwamba chumba cha mumewe kimekaa bure. Chumba alimoendeshea duka mumewe, chenye kitanda alichoingia nacho ndoani. Najua hukukusudia ubaya. Ulikuwa umechoka, una mtoto anayebanwa kifua na kazi za watu zimerundikana. Lakini yeye hakusikia habari ya cherehani. Alisikia mkaza mwana akipima vitu vyake na kuviona havina kazi. Wala usidhani ukimya wake ni kukataa. Amekuzuia tu usiseme zaidi.

Kwa hiyo omba radhi kwanza, na siku hiyo usiombe chumba. Nenda peke yako, baada ya swala ya alasiri, ukae chini karibu naye. Mwambie, "Mama, siku ile nilisema maneno ya kukuvunjia heshima kuhusu chumba cha marehemu baba. Naomba unisamehe." Nyamaza hapo. Akilia, au akikuhadithia habari za duka, sikiliza. Chumba kisitajwe mpaka siku kadhaa zipite.

Kazi ya kukiomba chumba si yako, ni ya mumeo. Ni mama yake, na ni duka la baba yake. Nimesikitika kwamba amekuachia wewe uingie vitani halafu yeye akachagua stoo. Mweleze habari ya pumu kwa undani, mwoneshe vumbi lililoganda chini ya ovaloki, umwambie aende yeye. Aende na mambo matatu: samadari haitoki, wageni wataendelea kulala humo, na wateja hawatapita ndani ya nyumba. Hili la tatu ndilo nina imani litamlainisha, maana mama mtu mzima wa Tanga analinda heshima ya ua wake. Ule mlango uliopigiliwa misumari ukifunguliwa, mteja anaishia mbele. Anapimwa nyuma ya pazia, anachukua nguo yake, anaondoka. Na barazani patakuwa na watu tena kama siku za duka. Sitashangaa mavyaa wako akihamishia mkeka wake pale pale, awe ndiye anayewapokea.

Kuna suala la umeme ambalo hukulitaja, ila katika nyumba yenye LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, ugomvi wake hauko mbali. Pasi ya wati 1000 ikivuta saa nzima bila kupumzika inamaliza yuniti 1. Mashine yenye mota ya wati 100 itafanya kazi saa 10 kwa yuniti hiyo hiyo. Kwa hiyo mlaji ni pasi, ovaloki isisingiziwe. Panga nguo zote upige pasi kwa mkupuo mmoja, na nunua umeme wako kila mwezi kabla hujaulizwa na mtu. Pasi iwe na soketi yake ukutani. Usiichomeke pamoja na ovaloki kwenye waya mmoja mwembamba wa ekstensheni. Umeme ukikatika ukatumia pasi ya mkaa, washia uani, uipige madirisha yakiwa wazi na mtoto akiwa mbali. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Wageni wenu najua watakuja hasa Idd, na Ramadhani ndiyo msimu wako mkubwa. Mavyaa atauliza hilo, mumeo awe na jibu. Usipokee kazi mpya ya Idd baada ya Ramadhani 20. Kufikia 27 ubao ukunjwe, ovaloki ifunikwe, samadari itandikwe shuka safi na chumba kifukizwe udi. Vifungo na pindo zilizobaki malizia ukumbini kwa mkono. Utapoteza wateja wachache wa dakika za mwisho, na mimi nakushauri uwapoteze. Wageni wa mavyaa wakikikuta chumba kimepambwa, yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kukitetea chumba chako.

Habari ya fremu, mwambie wifi yako ahsante, bado. Kodi ya fremu kwa kawaida inadaiwa miezi kadhaa kwa mkupuo, iwe umeshona au hukushona, na mtoto anayebanwa kifua ghafla anakuhitaji uwe hatua chache tu kutoka alipo. Tafuta fremu siku kazi itakapokuzidi na ukahitaji msaidizi wa kukaa naye.

Na mavyaa akikataa kabisa? Zuia ulimi wako wewe na wa mumeo, usirudie ombi mwaka huo. Chukua pembe ya ukumbi iliyo karibu na mlango wa mbele. Mwanga utaupata mlango ukiwa wazi, uzito wa mashine hutaubeba kila siku, na plaiwudi inaweza kufungwa kwa bawaba ukutani hapo vile vile. Nguo za wateja ziweke kwenye masanduku yenye kufuli. Utabanana na wapita njia wa nyumba, lakini mwanao atalala mbali na vumbi, na hilo haliwezi kungoja mavyaa akubali.

Shangazi