Kabla ya blichi, mna maji?

Mhariri habari za kazi, na wasomaji wenzangu wote. Mi ni msomaji wa siku nyingi ila kuandika huwa siandiki, nasoma, nacheka, napita zangu. Sasa wiki hii mmeuliza "Je, inawezekana kublichi nywele nyeusi mwenyewe nyumbani bila kujidhuru?" na hapo nikashindwa kupita, maana nyuma ya sikio langu la kushoto kuna kovu la ukubwa wa sarafu ya mia mbili, haliotagi nywele mpaka leo, na kila nikipata msusi mpya lazima aulize dada hapa ulipatwa na nini.

Kwanza tuelewane, naongelea nywele. Huku kwetu Mwanza ukitamka tu kublichi mtu anawaza mkorogo, uso wa chungwa na vidole vya miguu vimebaki na rangi yake ya kuzaliwa. Hiyo ni mada nyingine na sitaki kugombana na mtu. Nasemea ile ya kutoa weusi kwenye nywele, ziwe dhahabu au kahawia, au kama wale vijana wa bodaboda pale Buzuruga, kichwa kizima kama punje ya hindi la njano.

Jibu langu ni hapana, nenda saluni. Ningeweza kuishia hapo. Ila swali lenyewe naona mmelikosea kidogo, samahani lakini. Mnauliza kama ni salama. Mi ningeuliza hivi, una maji? Halafu, nani anashika brashi?

Ilikuwa 2017, mwezi wa nane, mdogo wangu wa mwisho anafanyiwa sendofu. Mi nilikuwa naishi Igogo, juu kabisa kule kwenye mawe, wanaopajua wanapajua, nyumba imekaa juu ya jiwe, choo kimekaa juu ya jiwe lingine, ukitaka kushuka dukani unashuka kama pimbi. Sare ya ndugu wa bibi harusi ilikuwa dhahabu, na wifi yangu akaja na wazo kwamba dada mtu nikiwa na nywele za dhahabu na gauni la dhahabu, ukumbi mzima utasimama. Nikakubali. Sijui nilikuwa nawaza nini, yaani nilikuwa na miaka 31 na watoto wawili lakini nikakubali kama mtoto wa kidato cha pili.

Wifi akaenda mjini akarudi na poda ya kupimiwa, ipo kwenye kimfuko imefungwa fundo, haina jina, haina tarehe, na chupa ya develapa, ile dawa ya maji ya kukorogea poda, imeandikwa 40. Akasema zilikuwepo za 20, 30 na 40, bei ileile, kwahiyo akachukua kubwa. Sisi tulijua kubwa ndo nzuri, kama ambavyo ungechukua sato mkubwa kama bei ni moja. Kumbe ile namba ni ukali wa peroksaidi: 10 ni asilimia 3, 20 ni asilimia 6, 30 ni 9, na 40 ni 12. Tukachukua ya 12 tukaipaka mpaka kwenye ngozi ya kichwa, na nywele zangu zina dawa ya kulainisha ya wiki tatu tu zilizopita. Hapo aliyesomea saluni ameshafumba macho.

Subiri, bado. Bakuli la plastiki hatukuwa nalo, la pekee lilikuwa na uji wa mtoto, basi wifi akakorogea kwenye kisufuria cha alumini. Ule mchanganyiko ukaanza kutokota wenyewe, hauko jikoni wala nini, unatoa vipovu na sufuria inapata joto, na wifi anafurahi ananambia unaona, hii ni orijino. Akaanzia kwenye mizizi, akashuka mpaka kwenye ncha, akanifunga rambo kichwani (enzi hizo rambo zilikuwa halali, marufuku ilikuja Juni 2019) na juu ya rambo akanizungushia taulo ili ipate joto. Nikakaa kwenye kigoda mlangoni, naangalia ziwa kule chini, mashua zinaingia, nafsi yangu imetulia kabisa.

Dakika kumi za kwanza kuwasha tu. Nikajua kawaida, sisi tuliokua na dawa za nywele tumezoea kuambiwa vumilia, ikiwasha ndo inafanya kazi. Dakika ya kumi na tano ikawa pilipili. Baada ya hapo nikasikia kitu kama mtu ananichomeka pini za moto nyuma ya sikio, moja moja, bila haraka, na macho yanatoka machozi kwa ile harufu, nikamwambia wifi nioshe, nioshe sasa hivi. Wifi akaenda bombani akafungua. Bomba likakohoa mara mbili likatoa hewa.

Maji yalikuwa yamekatika tangu asubuhi na hakuna aliyeangalia. Kule juu ya mawe maji kupanda ni shughuli hata siku za kawaida. Ndoo iliyokuwepo ilikuwa nusu na imeoshewa dagaa. Watoto wakakimbizwa na madumu kushuka kisimani, na kisimani Jumamosi mnajua foleni yake. Wifi akasema twende ziwani, yaani nishuke mawe yote yale nina rambo kichwani linanichemka, nipite mbele ya watu, niinamishe kichwa kwenye maji ya ufukweni yaliyojaa majani na konokono nikaongeze na kichocho. Nikaanza kulia sasa, kulia kwa sauti, na majirani wakatoka.

Aliyeniokoa ni bibi yake mume wangu. Alikuwa ndani amelala, ametoka Magu wiki ile kwa ajili ya sherehe. Akatoka na kanga yake, akaniangalia, akaangalia lile sufuria, akauliza, "Mnamsuka huyu au mnamnyonyoa?" Hakungoja jibu. Akarudi ndani akatoka anaburuza mtungi wake wa maji ya kunywa, aliyachemsha mwenyewe jana yake na hakuna mtu aliyekuwa anaruhusiwa kuyagusa, hata mume wangu alikuwa anaomba. Akaninamisha, akanimwagia kata kwa kata, polepole, ya baridi ile ya mtungi, anahesabu kwa Kisukuma, na mkono wake mwingine umenishika shingo kama unavyomshika mbuzi anayetaka kukimbia. Mtungi mzima uliisha kichwani kwangu.

Walivyonipa kioo sasa. Mizizi ilikuwa njano ya ndizi mbivu, katikati chungwa, ncha zimebaki nyekundunyekundu kama kutu ya bati. Nikavuta uzi mmoja wa nywele, ukavutika kama bigijii, ukavutikaa halafu ukakatika bila sauti. Kesho yake kitana kilitoka na mafungu. Sendofu nilienda na kilemba, kilikuwa kizuri kwakweli, na mpaka leo kwenye picha za familia watu wanasema siku ile ulipendeza, kile kilemba ulinunua wapi. Kile kidonda cha nyuma ya sikio kilichukua karibu mwezi.

Miaka baadaye nilimsimulia shoga yangu mmoja msusi wa Nyakato, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanichambulia kosa kwa kosa. Kwamba ngozi ya kichwa ina joto lake, kwahiyo ukianza na mizizi inawahi kuliko kwingine, mizizi inapakwa mwisho na siyo kugusa ngozi. Kwamba dawa ya kulainisha na blichi zinavunja vile vifundo vilevile vinavyoshika unywele, zikikutana juu ya unywele mmoja hakuna kinachobaki cha kushika. Kwamba chuma na ule mchanganyiko haviendani, ni bakuli la plastiki au la kioo, na usiuweke kwenye chupa ukafunga kifuniko maana unatoa gesi chupa inaweza kupasuka. Kwamba mwenye pumu akae mbali, zile chumvi za kwenye poda zinabana kifua, na hata asiye na pumu afungue madirisha. Na usioshe nywele siku hiyo, mafuta ya kichwa yanasaidia, pakaa na mafuta ya mgando kuzunguka uso na masikio.

Akaniambia pia kitu ambacho sikuwahi kukisikia, kwamba nywele nyeusi haziruki moja kwa moja kuwa dhahabu. Zinapita nyekundu, halafu chungwa, halafu njano, kila mtu anapita humohumo, na wengi wakiona chungwa wanadhani wamekosea wanapaka tena palepale. Hapo ndo zinapokatika. Unatakiwa usimame, ungoje wiki kadhaa, na lile chungwa unalituliza kwa tona, yaani rangi ya kusawazisha, ya buluu, njano kwa zambarau. Blichi ya kufulia nguo nyeupe hata usiifikirie, nasema hivi kwasababu nishamuona kijana aliyejaribu.

Kwahiyo nenda saluni. Nilikuwa nimeshaandika hivyo juu, sasa nikisoma nilichoandika naona aibu kidogo, maana kuna kitu nimekificha. 2021 nilienda saluni, ya kulipia, yenye kioo kikubwa na feni, nikawekewa blichi ya mbele tu, na yule binti akanipaka akakaa na simu yake akanisahau. Nilimuita mara tatu. Na maji pale yalikuwa kwenye ndoo vilevile kama nyumbani, tena ya kushea na wateja wawili. Sikuungua kama mwanzo ila nilitoka na malengelenge, na hela nimelipa.

Na kitu kingine, mwanangu wa kwanza. Yupo chuo sasa, na Desemba iliyopita karudi likizo na nywele zake za asili hazijawahi kuonja dawa, kanambia mama nataka kublichi ncha tu. Nikamnyooshea lile kovu. Akasema nimeshaliona mama, ndo maana nimekwambia wewe. Akaja na pakiti yenye jina, tarehe na nembo ya TBS, develapa ya 20, glavu. Akapaka kidogo nyuma ya sikio akakaa siku mbili kuona kama atavimba. Akakata kiuzi kimoja cha nywele akakijaribu kwenye kikombe cha plastiki, akaandika kwenye daftari dakika 35. Yeye akapaka ncha za mbele, mi nikapaka za nyuma ambako haoni, na simu inahesabu. Kila dakika tano anafuta kidogo anaangalia. Zikatoka rangi ya asali, siyo dhahabu, akasema inatosha. Zimeshika mpaka leo, kavu kidogo, anazistimu na kuzipaka mafuta kila wiki.

Sasa nijibu nini? Nikisema hapana nitakuwa muongo kwa mwanangu, nikisema ndiyo kuna mtu atasoma neno ndiyo peke yake ataenda kukoroga kwenye sufuria. Basi wekeni hivi: ndiyo, ila kwa ncha, kwa nywele zisizo na dawa, kwa 20, na mtu wa pili ambaye anakuogopea. Kichwa kizima kutoka nyeusi mpaka nyeupe nyumbani bado nasema hapana, na saluni ya kukaa na simu nayo hapana. Na ikianza kuchoma hiyo siyo kazi inafanyika, hiyo ni ngozi inaungua, osha.

Jumamosi hii anataka kuzirudia ncha. Nimemwambia ajaze ndoo tatu tangu Ijumaa usiku, ziwe zimepangwa mlangoni nizione kwa macho kabla hajafungua pakiti. Mtungi wa bibi ninao mimi siku hizi, upo kona ya jikoni, umejaa, na ameuliza kama nao unahesabika. Nimemwambia hapana, huo ni wa kunywa.