Maswali na Majibu ya Jikoni: Zawadi kutoka Japani

SWALI: Asalamu alaykum. Rafiki yangu Mjapani, aliyewahi kufundisha skuli yetu, kaniletea kifurushi kwa siku yangu ya kuzaliwa. Ndani mna karatasi nyeusi za mwani, pakiti ya miso, kikopo cha matunda mekundu yaliyonywea, tyubu ndogo ya kijani na kitambaa cha mraba. Mume wangu kaidhania ile tyubu ni chatini, kaipaka kwenye mkate wa mofa mpaka machozi yakamtoka. Mtoto kalitia tunda zima mdomoni, kalitema. Naona haya kumwambia rafiki kuwa zawadi yake imetushinda. Tufanyeje?
Msomaji, Mwanakwerekwe

JIBU: Waalaykumu salaam, dada. Haijawashinda. Ukiacha kitambaa, karibu vyote ulivyovitaja ni viungo vya kulia chakula. Mjapani naye ukimpa achari ya ndimu ale kwa kijiko, atadhani humtakii mema.

Tuanze na tyubu iliyomliza mzee. Hiyo ni wasabi. Ukali wa pilipili hukaa kwenye ulimi, lakini ukali wa wasabi ni mvuke unaopanda puani. Ndiyo maana maji hayasaidii sana. Avute pumzi kwa mdomo, aitoe kwa pua, na baada ya nusu dakika hivi utakuwa umepita. Kipimo chake ni kama punje ya choroko kwa tonge moja. Nyingi ya tyubu zinazouzwa hazina wasabi tupu, huchanganywa na mizizi mingine mikali yenye ukali wa namna hiyohiyo. Ikishafunguliwa ikae kwenye friji.

Matunda mekundu ni umeboshi, yaani matunda machachu ya ume, jamii ya plamu, yaliyotiwa chumvi na kuanikwa. Yale ya kienyeji huwa na chumvi hadi asilimia 18 au 20, kwa hiyo mtoto hakukosea kulitema. Tunda moja linatosha bakuli zima la wali mweupe. Unalimega kwa vidole, unalichanganya na tonge kidogo kidogo, kama unavyokula ndimu ya achari na wali. Kokwa usiivunje. Soma pia kikopo: yaliyopunguzwa chumvi au kutiwa asali hayahimili joto letu, yawekwe kwenye friji tangu siku ya kwanza.

Karatasi nyeusi ni nori. Si jamii moja na mwani unaolimwa Paje na Jambiani. Ule wetu, spinosum na cottonii, husafirishwa ng'ambo kutolewa karagini, kitu cha kuzitishia vyakula viwandani, ilhali nori hulimwa kwenye maji baridi, ikasagwa, ikatandazwa na kukaushwa kama karatasi. Adui yake ni unyevu. Masika ya Unguja yataifanya ilegee kama ngozi ndani ya saa moja tu ya kuachwa wazi. Itie kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, pamoja na kile kipakiti kidogo kilichokuja nayo. Kipakiti hicho hakiliwi, ni cha kunyonya unyevu. Ikilegea, ipitishe juu ya moto mdogo sekunde chache kila upande, itarudi kuvunjika. Kisha ikate vipande, funga wali wa moto ndani yake, chovya kidogo kwenye sosi ya soya. Kwa mtu anayeanza, hapa ndipo pepesi kuliko pote.

Miso ndiyo yenye faida kubwa, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Ni soya iliyochachushwa kwa chumvi na ukungu maalumu uitwao koji. Wengi huitumbukiza kwenye sufuria na kuiacha ichemke kama mchuzi. Harufu yote huondoka, inabaki chumvi.

Kwa watu wanne chukua dagaa wakavu gramu 20 hadi 25. Bahati nzuri, dagaa wetu wanaochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa ni ndugu kabisa na niboshi ya Wajapani, dagaa wanaotengenezewa supu hiyohiyo. Ng'oa vichwa na matumbo, maana ndiyo yanayoleta uchungu. Waloweke kwenye maji mililita 900 kwa nusu saa, kisha bandika moto wa kiasi. Maji yakianza kuchemka engua povu, acha dakika 8, chuja. Tia vipande vya boga au kitunguu mpaka viive. Zima moto. Sasa weka vijiko 3 vya chakula vya miso ndani ya upawa, ushushe kwenye supu na uikoroge humo mpaka iyeyuke. Onja kabla ya kuongeza, kwa kuwa dagaa wetu huja na chumvi yao. Ukipasha tena, usifike kuchemka.

Kijiko kimoja cha chakula cha miso nyekundu kina karibu gramu 2 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Mwenye presha nyumbani apewe bakuli dogo, na siku hiyo asahau umeboshi. Pakiti iliyofunguliwa iweke kwenye friza. Haigandi ikawa jiwe, utaichota kwa kijiko kama kawaida. Ikizidi kuwa nyeusi kwa muda, hiyo ni kazi ya joto, haijaoza.

Kitambaa ni furoshiki, cha kufungia mizigo na zawadi. Sanduku liwe na urefu wa theluthi ya kitambaa kikipimwa kona kwa kona: kitambaa cha sentimita 70 kinafunga sanduku la kama sentimita 33. Lilaze katikati kwa mshazari, funika kona mbili, zile mbili zilizobaki zifunge kushoto juu ya kulia, kisha kulia juu ya kushoto. Ukirudia upande uleule mara mbili, fundo litasimama wima na litateleza.

SWALI: Nimeletewa biskuti, tambi za pakiti na chupa mbili za sosi. Maandishi yote ya Kijapani. Nitajuaje kama mna nguruwe au pombe? Na tarehe zake zinasomwaje? Moja imeandikwa 8.3.15.
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri itakusaidia, lakini hukosea kwenye maandishi madogo. Bora ujue alama chache kwa macho. 豚 ni nguruwe. ラード ni mafuta yake. ゼラチン ni jelatini, na mara nyingi haisemwi ni ya mnyama gani. Ukikuta 寒天 usiwe na shaka nayo, hiyo hutokana na mwani. 酒 ni pombe, na みりん ni mirin, kiungo kitamu cha mchele ambacho kile halisi kina kileo cha karibu asilimia 14. Mirin hujificha kwenye sosi za kuchomea samaki na kuku, basi chupa zako mbili ndizo za kuangaliwa mwanzo. Tambi za pakiti nazo, supu yake mara nyingi ni ya mifupa ya nguruwe hata kama picha ya nje ni ya mboga.

Kuna alama nyingine inayowababaisha watu: 酒精. Hicho ni kileo kinachotiwa kidogo kwenye miso au sosi ya soya ili isiendelee kuchacha na pakiti isivimbe. Sosi ya soya iliyochachushwa kwa njia ya asili nayo huzaa kileo chake yenyewe, kama asilimia 2, bila mtu kuongeza kitu. Hukumu ya hayo mawili muulize shehe wako. Sisi tunakwambia kilichomo tu.

Tarehe husomwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Namba ndogo kama 8 ni mwaka wa Reiwa, enzi ya mfalme wa sasa wa Japani, iliyoanza 2019. Jumlisha 2018 utapata 2026, basi yako ni tarehe 15 Machi 2026. Ingekuwa 26.3.15 ingekuwa siku hiyohiyo kwa hesabu tuliyoizoea. Tazama pia herufi zilizotangulia. 賞味期限 ina maana ladha ni nzuri hadi siku hiyo, na biskuti iliyopitisha wiki moja haikudhuru. 消費期限 ina maana baada ya hapo usile.

SWALI: Tunataka kumfanyia mgeni wetu Mjapani sushi ya siku ya kuzaliwa. Jodari tunapata wabichi kabisa hapa pwani. Nikimkamulia ndimu, si anatosha kuliwa mbichi?
Kijana wa Nungwi

JIBU: Hapana, kijana wetu. Jodari akikaa kwenye joto, vijidudu hutengeneza histamini, kemikali inayodhuru, ndani ya nyama yake. Ikishakuwamo haitoki kwa ndimu, wala kwa barafu, wala kwa kupikwa. Mlaji huwashwa ulimi, uso humwiva, kichwa humgonga ndani ya dakika chache, na watu husema ana mzio. Samaki aliyelala juani kwenye ngalawa kwa muda wa saa mbili ni "mbichi" kwa jina tu. Anatakiwa awe kwenye barafu tangu anapovuliwa. Kwa samaki wengine kuna minyoo pia, nayo hufa kwa kugandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Friza ya nyumbani huishika hali hiyo kwa shida, na umeme ukikatika unaanza kuhesabu upya.

Mfanyie ya jodari wa kuchoma. Bado ni sushi, maana kinachoifanya sushi ni wali wenye siki. Hapo ndipo watu wetu hukosea: wanatia nazi au mafuta kwa mazoea, na punje zikipata mafuta hazishikani tena. Mchele wa biriani usahau. Kama hupati wa Kijapani, tumia wa Mbeya, vikombe 2, uoshe mpaka maji yatoke safi, uloweke nusu saa, uupike kwa maji matupu mpaka ulainike kuliko ulivyozoea. Ungali wa moto, mwagia siki vijiko 4 vya chakula iliyoyeyushiwa sukari vijiko 2 na chumvi kijiko 1 cha chai. Changanya kwa kukata na mwiko, usiuponde, huku mwenzio akipepea kwa upepeo.

Tandaza robo tatu ya kikombe cha wali juu ya nori, upande unaong'aa ukiwa chini, ukiacha sentimita 2 mwishoni. Panga jodari na tango, viringisha kwa kitambaa kizito kilichofunikwa nailoni, bana. Lowesha kisu kwa maji ya siki kila unapokata. Iliwe ndani ya saa chache; ukiilaza kwenye friji wali utakuwa kama kokoto.

SWALI: Nimealikwa kwa familia ya Kijapani hapa Chake. Vijiti sivijui. Na nikipewa zawadi, nirudishe nini?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Kijiti cha chini kinatulia kwenye shina la dole gumba na kidole cha pete. Cha juu unakishika kama kalamu, ndicho kinachotembea. Jifunze kwa vipande vya muhogo, karanga baadaye. Usivisimamishe kwenye wali na usimpokeze mtu chakula kijiti kwa kijiti, yote mawili ni mambo ya msibani. Sushi huliwa kwa mkono bila lawama, na tambi zifyonze kwa sauti bila haya. Bakuli hunyanyuliwa kwa mkono wa kushoto, lakini wa kulia ndio unaolisha.

Zawadi ipokee kwa mikono miwili na uombe ruhusa kabla ya kuifungua. Zawadi ya kuzaliwa baina ya marafiki haidai malipo, barua ya shukurani yatosha. Ukitaka kutuma kitu Japani, nyama ya aina yoyote usiitie, itakamatwa. Matunda mabichi mengi ya kwetu hayaruhusiwi kuingia, na mbegu hutaka cheti. Karafuu, ulizia kwanza ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Ingekuwa sisi tungetuma doti moja ya kanga, na maana ya jina lake imeandikwa kwenye karatasi, maana Mjapani atauliza. Vitu visiwe vinne, kwa kuwa nne kwao husikika kama kifo.