Mtoto wa grupu B na malaria iliyopanda kichwani

SWALI: Habari, mimi ni grupu O, mume wangu B, na mtoto wetu wa miaka mitatu naye B. Juzi malaria ilimpanda kichwani tukalazwa, sasa kapona. Mama mmoja pale wodini akaniambia ni sababu ya grupu lake, eti damu yake ina sukari ambayo mimi sina. Kweli? Nimpunguzie sukari kwenye uji?

JIBU: Pole sana mama, na hongera kwa kumuwahisha. Huyo mama hajakudanganya ila kakupa habari nusu.

Juu ya chembe nyekundu za damu kuna protini na mafuta yaliyobandikwa vijinyororo vya sukari, na grupu ni ile sukari ya mwishoni tu. Mwanao ana galaktosi, mtu wa A ana N-asetili-galaktosamini, wewe wa O kimeng'enya cha kuibandika ulichorithi hakifanyi kazi kwa hiyo kijinyororo chako kinaishia kabla, basi, tofauti ndo hiyo tu.

Sasa kimelea cha malaria kiitwacho falsiparamu kikishaingia ndani ya chembe kinatoa protini zake nje, na baadhi zinapenda kung'ang'ania hizo sukari za A na B kwenye chembe nzima za jirani, yaani chembe moja gonjwa inazungukwa na nzima kadhaa, ukiangalia kwenye hadubini unaona kama ua na petali zake, na mafungu hayo ndo yanachangia kuziba vimishipa vidogo mpaka vya ubongo. Kwa O yapo pia ila ni madogo na yanaachana upesi. Utafiti wa Mali uliotoka 2007 ulikuta uwezekano wa malaria kali kwa watoto wa O uko chini kwa asilimia 66 hivi.

Lakini soma vizuri, malaria KALI. Kuumwa malaria yenyewe O mnaumwa kama kawaida, na wodini nimepima watoto wa O wakiwa hoi. Kwa hiyo B peke yake haikumlaza mwanao, usimnunie baba yake bure 😄

Na O nayo ina gharama zake. Kipindupindu kikiwapata kinawakamua zaidi, na protini ya kugandisha damu inayoitwa von Willebrand kwenu iko chini kwa kama robo, kwa hiyo damu kuganda kwenye mishipa ya miguu ni nadra kidogo kwenu ila kutoka damu ndo mnazidi.

Uji muachie. Sukari za kwenye chembe mwili unazibandika wenyewe kwa kufuata jeni, chakula hakizigusi. Tena mtoto mwenye malaria kali sukari ya damu huwa inashuka vibaya, ndo maana wanamuwekea dripu ya glukosi.

Chandarua kila usiku, homa ikianza kapime siku hiyohiyo, na grupu lake liandikwe kwenye kadi. Ikitokea anahitaji kuongezewa damu, B au O zote anapokea, hata yako ikishapimwa maabara ikakubaliana na yake.