Kuku alikuwa anataga vizuri, sasa hasimami: ni mdondo?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kuku sita nyuma ya nyumba hapa Tanga. Ni chotara, wana miezi kama 14. Nawalisha pumba za mahindi, makombo ya ugali na wali, na dagaa kidogo nikipata. Hawatoki nje ya uzio. Mmoja alikuwa anataga karibu kila siku, lakini kwa wiki tatu sasa mayai yake yana ganda jembamba, na juzi alitaga yai tepetepe lisilo na ganda kabisa. Tangu jana asubuhi amelala ubavu, miguu haimbebi, ila nikimpelekea chakula anakula. Jirani anasema ni mdondo, nimchinje kabla hajaambukiza wenzake. Dukani nimeuziwa dawa ya OTC ya kuchanganya kwenye maji. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Usimchinje, na hiyo OTC usiifungue. Kwa dalili ulizozieleza, kuku wako ameishiwa chokaa mwilini, na akihudumiwa leo ana nafasi nzuri ya kusimama tena.

Mdondo, yaani kideri, hauchagui kuku mmoja ukawaacha watano wanakula. Ukiingia bandani, ndani ya siku chache wengi hupooza, hupumua kwa shida, huharisha kijani, na wanaochelewa kufa hupinda shingo. Ugonjwa wa mahepe nao hulemaza miguu, mara nyingi mmoja ukinyooka mbele na mwingine nyuma, lakini huwapata zaidi kuku wasiofika miezi saba. Wako ana miezi 14, anakula, na kabla ya kuanguka alikuwa ameshaanza kutaga mayai yasiyo na ganda. Mpangilio huo, ganda jembamba kwanza kisha miguu, ndio unaonielekeza kwenye chokaa.

Piga hesabu uone. Ganda la yai moja lina uzito wa gramu 5 hadi 6, na karibu lote ni chokaa. Ndani yake mna gramu 2 hivi za kalsiamu. Kwa kuwa tumbo la kuku hufyonza kama nusu tu ya kalsiamu anayokula, mtagaji anahitaji gramu 4 kwa siku. Gramu 110 za pumba, ambazo ndizo kuku mmoja hula kwa siku, hazimpi hata sehemu moja ya kumi ya gramu. Tena fosforasi nyingi ya pumba imefungwa kwa namna ambayo kuku haipati vizuri, na kifungo hichohicho hunasa kalsiamu kidogo iliyopo. Basi ganda linatoka wapi? Linatoka kwenye mifupa. Kuku ana akiba ya chokaa ndani ya mifupa mirefu, mfano wa paja, na mwili wake wote una kalsiamu ya gramu 20 hivi. Kila yai linachota sehemu ya kumi ya hiyo. Akiba ikiisha, mwili huanza kula mfupa wenyewe unaombeba.

Kuku wa kienyeji halisi huponea hapo kwa sababu hutaga mayai 10 au 15, kisha huatamia siku 21 na kulea vifaranga, na muda wote huo mifupa inajijaza. Pia anazurura, anaokota konokono, wadudu na vipande vya makombe. Chotara wako ana damu ya kutaga mfululizo, yuko ndani ya uzio, na anakula chakula cha kienyeji. Kosa hili naliona kila mara watu wanapohamia kwenye chotara: wanabadilisha kuku bila kubadilisha chakula.

Sasa huduma ya leo. Mtoe bandani, mweke kwenye boksi au tenga lenye maranda makavu, kivulini, mahali ambapo jua la asubuhi linamfikia kwa nusu saa hivi. Usimwache na wenzake: watamdonoa, na jogoo akimpanda anaweza kumvunja mfupa.

Kagua kama kuna yai lililokwama, kwa sababu msuli unaosukuma yai nao unahitaji kalsiamu. Nawa mikono, kata ukucha, paka kidole mafuta ya kula, kiingize taratibu kwenye tundu la kutagia kama sentimita 4. Ukigusa yai, mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika tumboni kwa dakika 15 hadi 20, mfute akauke, mrudishe kwenye boksi na umwache atulie. Usilikamue. Yai la ganda laini hupasukia ndani, na uchafu wake huozesha tumbo.

Kisha mpe kalsiamu. Kidonge cha binadamu chenye miligramu 500 za kalsiamu pamoja na vitamini D3 kinapatikana duka la dawa. Kisage, changanya na kijiko cha uji mzito au chakula kilicholowekwa, mpe mara moja kwa siku kwa siku 5. Usimmiminie kimiminika mdomoni akiwa amelala, kitaingia kwenye mapafu. Weka maji na chakula karibu na kichwa chake, mgeuze ubavu mara tatu au nne kwa siku, na ufute kinyesi kinachoganda kwenye manyoya, maana inzi wakitaga hapo utapata funza. Kuku aliyeanguka siku moja au mbili zilizopita mara nyingi hurudi kwenye miguu yake ndani ya siku 4 hadi 7.

Kuhusu OTC: ndani yake mna oksitetrasaiklini, dawa ya kuzuia bakteria. Hapa hakuna bakteria wa kuzuiwa. Ubaya zaidi, dawa hiyo hushikamana na kalsiamu tumboni, vyote viwili visifyonzwe inavyotakiwa. Ungekuwa unamnyima kile unachojaribu kumpa. Kama ulishawawekea kwenye maji, yamwage, na msile mayai wala nyama ya kuku hao mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko zipite.

Hao watano wengine wako njia ileile, wamechelewa tu. Leo hiihii wawekee kopo la chokaa peke yake, pembeni ya chakula. Kwa Tanga hili ni jepesi: okota makombe ufukweni, yaoshe kwa maji baridi chumvi itoke, yaanike, yatwange mpaka yawe punje za milimita 2 hadi 4, kama chembe za mchele uliovunjika. Usiyafanye unga mtupu. Ganda la yai hutengenezwa kwa saa 20 hivi, sehemu kubwa ikiwa usiku kuku anapolala bila kula. Unga hupita haraka, lakini punje hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha. Kwa hiyo hakikisha kopo limejaa kuanzia saa tisa alasiri. Maganda ya mayai nayo yanafaa, ila yachemshe dakika 10, yakauke, yavunje mpaka yasifanane tena na yai, wasije wakajifunza kula mayai yao. Ukinunua chokaa, taja kabisa kuwa ni chokaa ya mifugo. Chokaa ya kupaka ukutani inaunguza koo na gole, kile kifuko cha chakula shingoni.

Chakula chenyewe sasa. Ukiweza, nunua cha wataga, chenye kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, na uwape kama kilivyo. Wengi huongeza pumba nusu kwa nusu ili kubana matumizi. Hapo kalsiamu imeshashuka hadi asilimia 2 hivi au chini yake na umerudi ulikotoka. Ukitaka kuchanganya mwenyewe, kilo 10 zinakwenda hivi: mahindi yaliyoparazwa kilo 4.7, pumba kilo 1.5, mashudu ya alizeti kilo 1.8, dagaa waliosagwa kilo 1, chokaa ya mifugo gramu 750, mifupa iliyosagwa gramu 200, chumvi gramu 30, na premiksi ya wataga (mchanganyiko wa vitamini na madini) kwa kipimo cha pakiti. Protini itakuwa karibu asilimia 15 hadi 16. Dagaa wa kuku mara nyingi wana mchanga, wapepete kabla ya kupima, na kama wamekaushwa kwa chumvi usiongeze chumvi nyingine. Anza kuchanganya vitu vya gramu chache na kilo moja ya pumba, ndipo umwage kwenye mengine, vinginevyo chumvi yote ataila kuku mmoja. Kwa kuku sita, mchanganyiko huo ni wa siku 15.

Mahindi au makombo yenye ukungu usiwape hata kidogo. Sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, huharibu ini la kuku, na ini bovu halitumii vitamini D vizuri. Vifaranga na matetea wasioanza kutaga nao wasile chakula hiki: kalsiamu nyingi hivyo huwaharibu figo.

Joto la pwani nalo lina mchango wake. Kuku anayehema kwa mdomo wazi hupoteza hewa ukaa ambayo mwili huitumia kutengenezea ganda, tena hula kidogo. Kuanzia Desemba hadi Machi mpe chakula saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, na ubadilishe maji yawe ya baridi mchana.

Mwite bwana mifugo mapema ukiona kuku wa pili ameanguka, au huyu amekataa chakula siku nzima, tumbo limejaa kama mfuko wa maji, au ukikunja mguu unasikia mfupa ukisagika. Zikipita siku 7 hajasimama, huenda uti wa mgongo umevunjika, na hapo kumchinja ni kumpumzisha. Nyama yake inalika, mradi hakupewa hiyo OTC.

Na kwa kuwa mdondo umetajwa: chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Wachanje hao watano wiki hii kama muda umepita. Mgonjwa mngoje mpaka atembee.