Ukisoma sukari za bakteria fuata kaboni, majina yatakuja yenyewe

Wadogo zangu mnaosoma baiolojia na kemia huku Mtwara na Lindi, mnaoniulizaga vimeng'enya (protini zinazoendesha mabadiliko ya kemikali) vya bakteria wa Gram chanya (wale wanaobaki zambarau kwenye rangi ya Gram ya maabara) vinasomwaje, acheni kwanza kukariri majina. Vijana wanaokuja kwangu Mikindani jioni nawapa penseli na karatasi, nawaambia chora glukosi, kaboni zake sita zipe namba, halafu tufuate sukari moja tu mpaka mwisho.

Mi huwa naanza na sukari inayoitwa ramnosi. Streptokoki wanaoleta maumivu ya koo, na wakiachwa bila tiba wanaweza kuja kuharibu mpaka moyo, ukuta wao una ramnosi kibao na sisi binadamu hatuitengenezi kabisa, ndo maana watafiti wa dawa wanaitolea macho. Vimeng'enya vya kuitengeneza kutoka glukosi ni vinne tu. RmlA inaibandika glukosi kwenye kibebeo kinachoitwa dTDP. RmlB hapo msikimbie, ndo penye utamu: inachukua haidrojeni ya kaboni ya 4 inaikabidhi kwa NAD+ (molekuli ya kupokea haidrojeni), inatoa maji kati ya kaboni ya 5 na ya 6, kisha ile haidrojeni inairudisha ila sasa kwenye kaboni ya 6. Ukiichora mishale hiyo kwa mkono wako husahau. RmlC inageuza mkao wa kaboni ya 3 na ya 5, RmlD inamalizia kaboni ya 4 kwa haidrojeni ya NADPH (molekuli ya kutoa haidrojeni), basi, ramnosi hiyo.

Sasa sukari inayotoka kwa RmlB izungushieni duara jekundu. Ni kama njia panda ya Mnazi Mmoja, ukitokea Lindi unachagua Mtwara au Masasi. Saccharopolyspora erythraea, naye Gram chanya, akifika hapo anashika njia nyingine: anaondoa oksijeni kaboni ya 4, kaboni ya 3 anaweka naitrojeni yenye methili mbili (methili ni kaboni moja yenye haidrojeni tatu), anapata desosamini, sukari inayoisaidia antibiotiki ya eritromisini kushika ribosomu (mtambo wa kutengeneza protini) ya bakteria, yaani hii eritromisini ya maduka ya dawa mnayoijua wote!

Mkishaiva hapo jaribuni kladinosi, sukari ya pili ya eritromisini hiyo hiyo. Anzeni na kaboni ya 3, maana methili zote mbili zinazoongezwa ziko huko, moja imeshika kaboni yenyewe na nyingine imeshika oksijeni yake, na hiyo ya kwenye oksijeni inawekwa sukari ikiwa imeshapachikwa kwenye dawa.