Chuma kilichotoka baharini kinapasuka, nikimwagie asidi?

SWALI: Dokta shikamoo. Mjomba wangu mvuvi wa Kilwa alinasa kwenye nyavu dude la chuma, duara kama mpira, limegandwa na matumbawe. Nimekuja nalo Dodoma ninakosoma, nikalianika, sasa linapasuka na kutoa majimaji ya kahawia. Jamaa anasema nimwagie asidi ya betri nifungue, ndani kuna mali ya Mjerumani. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo huenda ni risasi ya mzinga wa zamani. Kwanza, ukiona lina tundu lenye kizibo usiliguse tena, waite polisi, maana risasi za mzinga zenye uwazi ndani zilijazwa baruti, hiyo ndo "mali" utakayoikuta. Kama halina, litoe juani leo leo, lizamishe lote kwenye ndoo ya plastiki, na maji yawe ya mvua au ya kununua kwa sababu ya bomba hapa Dodoma yenyewe yana chumvi, na chumvi ndo inayolipasua: imeingia mpaka ndani ya chuma, ukikausha inaganda chembe chembe na kusukuma, hewa nayo inaongeza kutu. Gamba usiligonge wala usilitie asidi, mara nyingine chuma kimeshaliwa chote limebaki gamba tu lenye umbo lake, ndo maana sisi tunaohifadhi vitu vya kale tunapiga eksirei kwanza. Kuitoa chumvi maabara ni miezi, mzinga mzima ni miaka. Halafu nenda ofisi ya serikali ya Mambo ya Kale, wizara yake iko hapo Mtumba, na umuulize mjomba alilinasa wapi hasa na kina pima ngapi.

Sasa hii mali ya Mjerumani, jamani! Wajerumani walipoizamisha meli yao ya vita Königsberg kule Rufiji 1915 walichorudi kuopoa ni mizinga, yote 10, wakaikokota kupigania nchi kavu mpaka Kondoa. Walihangaikia silaha, halafu leo mtu anakwambia waliacha dhahabu kila penye jiwe! Na Kondoa hiyo hiyo watu wanachimba chini ya michoro ya miambani, urithi wa dunia tangu 2006, wanafukua tabaka za udongo za maelfu ya miaka ambazo hakuna mtaalamu duniani atakayeweza kuzirudisha, eti mganga kaona rupia, hela za Mjerumani, na hela ya mganga wameshalipa. Kuchimba bila kibali ni kosa tangu sheria ya mambo ya kale ya 1964. Huyo jamaa wa asidi akija tena na kimashine chake cha kupima madini usimpe hata nauli, na ukisikia anakusanya vijana waende Kolo, kwenye michoro hiyo, mwambie mwenyekiti wa kijiji kabla hawajashika jembe.